Uso wa Chiriku

Jumapili, 27 Januari

Wifi yangu wa mjini,

Salamu nyingi. Huku sote wazima, ila kidole gumba changu kimevimba kwa sindano, na mtoto wa kaka yako bado anaongea tangu anapofumbua macho mpaka anapoyafumba. Lile jina la Chiriku ulilompa limemkaa mpaka majirani wamesahau jina lake halisi.

Nimekutumia gunia la wanasesere kwa utingo yule wa kofia ya sufu. Barua nimeichomeka ndani, katikati yao. Utauliza kwa nini sikupiga simu. Kwenye simu unanikatiza kabla sijafika nusu, wifi. Karatasi haina mdomo, leo utanisikiliza mpaka mwisho.

Ulipoziona picha zao uliuliza kwa nini wote wana uso mmoja. Sina uso mwingine. Nilijaribu kushona sura nzuri niliyoiona kwenye kalenda, akatoka mtu anayeumwa jino. Basi nikamkalisha Chiriku juu ya ndoo, nikamwambia atulie, hakutulia, nikamshona hivyohivyo: mwanya wa mbele, nyusi ya kushoto iliyokatika pale alipogonga kona ya meza, na mdomo wazi kidogo kwa sababu sijawahi kuuona umefungwa. Tangu hapo mkono hautaki sura nyingine.

Kazini ni kulekule. Bwana Mkasi bado anatufungia mlango kwa nje mpaka oda ya sare iishe. Juzi mwenzetu mmoja alitaka kwenda msalani, akaupiga mlango mpaka mkono ukamwuma. Dirisha ni moja, liko juu, linapitisha hewa lakini halipitishi macho. Nimekata kola za mashati ya watoto wa watu tangu kaka yako akiwa hai, na kuna siku nikiinua kichwa sijui kama nje ni jua au mvua.

Nikiweza kuwauza hawa wanasesere, natoka. Ndicho ninachotaka, sina kingine. Wewe una mdomo, mimi nina mikono. Nisaidie.

Wifi yako mshonaji


Jumatatu, 25 Februari

Wifi wa mimi,

Umejua kunisema! Haya, nimekusikiliza mpaka mwisho, na wewe nisikilize.

Mwanzo hawakwenda. Nilipanga meza yangu pale uwanjani, ule wa kuegesha magari ambao Jumamosi unageuka soko la kazi za mikono. Kulia kwangu yuko mchonga vijiko, kushoto yuko muuza sabuni ambaye akianza kuisifu sabuni yake unajiona mchafu. Mimi nikawapanga wanao kwa rangi. Watu wakapita. Nikawatundika kwenye kamba. Wakapita. Nikawapa majina, nikampakata mmoja na kumbembeleza kama mtoto halisi, mchonga vijiko akaniuliza kama nimemeza dawa asubuhi. Jumamosi mbili nilirudi na gunia kama nilivyokwenda nalo.

Jumamosi ya tatu wakaisha. Wote. Na iliyofuata watu walikuja kuulizia kabla sijatandika kitambaa. Muuza sabuni amekasirika mpaka amesahau kusifu.

Sasa nisikilize vizuri. Uso usiubadilishe. Mwanya uleule, nyusi ileile. Usiwafunge mdomo. Shona wengi uwezavyo. Kila mmoja namfunga kikaratasi mguuni, nimekiandika mwenyewe, usijali kuhusu hilo, hayo ni mambo ya sokoni. Wewe ni mikono.

Chiriku mbusu. Picha yake usinitumie kwanza, zilizopo zinanitosha.

Wifi yako mwenye mdomo


Alhamisi, 14 Machi

Wifi mpenzi,

Nimetoka.

Naliandika neno hilo tena ili nilione: nimetoka. Jana asubuhi niliuweka mkasi wa Bwana Mkasi mezani, nikamwambia kola zake akate mwenyewe. Akasema nikishavuka mlango huo nisirudi, mezani pangu atakaa mtu mwingine kabla ya mchana. Nikamwambia amkaribishe. Nilitoka nje nikasimama barabarani kama mgeni. Lilikuwa jua.

Sasa nashona nyumbani, mlango wazi, Chiriku ananipigia soga huku akijaza sufi miguuni mwa wanasesere. Anawaita wadogo zake. Anawagombeza wakikaa vibaya.

Kwa kuwa shule zinafungwa, nimeamua nikuletee msaidizi. Ijumaa ya wiki ijayo nampandisha basi pamoja na gunia. Amefanya mazoezi. Anasimama juu ya ndoo na kusema, "Karibuni wateja, hawa wote ni mimi." Fikiria watu watakavyocheka wakimwona yeye na meza nzima ya sura yake. Wewe mwenyewe hukufikiria biashara hiyo, sema kweli.

Wifi yako mtu huru


Jumapili, 17 Machi

Wifi,

Usimpandishe Chiriku basi. Nakuomba kwa jina la kaka yangu. Nimempa barua hii dereva mwenyewe mkononi, si utingo, ili ikufikie kabla ya Ijumaa. Kwa simu singeweza kuyasema haya, ningesikia unavyonyamaza.

Ile Jumamosi ya tatu alikuja mama mmoja mrefu, amejitanda mtandio wa kijivu. Hakuuliza bei. Alimchukua mwanasesere mmoja, akampapasa nyusi kwa kidole, akaniuliza huyu ni nani. Nikasema ni mtoto wa mshonaji, yeye humshona mwanawe tu, kila siku humshona yeye. Hapo sikudanganya. Yule mama akasema, "Wangu pia alikuwa na mwanya." Machozi yakamtoka bila sauti. Halafu akanishika mkono, akasema, "Mwambie mama yake, pole sana."

Nikajibu, "Tumeshapoa."

Wifi, sikuwaza. Unajua mwenyewe tangu kaka afariki ni mara ngapi tumelisema neno hilo, mlangoni, barabarani, foleni ya maji. Mtu akisema pole, mdomo unajibu wenyewe. Nilipogundua nimesema nini, ameshawapakata wanasesere wanne na nyuma yake wamesimama wanawake wengine wanafuta macho. Wote wakanipa pole. Wote nikawajibu.

Na kikaratasi cha mguuni kimeandikwa hivi: "Uso huu ni wa mtoto mmoja. Mama yake anaushona ili usipotee." Angalia, neno la kufa halimo. Nililikwepa makusudi. Lakini watu wanasoma wanachokisoma.

Sasa Chiriku akitokea hapa na kusimama juu ya ndoo, itakuwaje?

Nihurumie kabla hujanitukana.

Wifi yako


Jumatano, 20 Machi

Wifi,

Sikutukani. Nimetafuta tusi la kukufaa nikakosa.

Umemzika mwanangu kwenye uwanja wa magari. Umepokea rambirambi. Leo nimekula nimekaa mbele yake, anatafuna, anaongea huku chakula kimejaa mdomoni, nikajikuta namkagua kama mtu anayehakikisha. Usiku uliopita alikohoa mara moja tu, nikamwamsha nimwulize anaumwa nini. Akaniambia, "Mama, nilikuwa nimelala." Hilo umenifanyia wewe.

Nilimwambia safari haipo. Aliuliza kwa nini. Nikasema shangazi yako anaumwa. Kwa hiyo na mimi nimeanza kusema uongo, na umekuwa mgonjwa, pole.

Jumamosi simama mbele ya meza yako useme kweli. Wote wakusikie, mpaka muuza sabuni. Wakiacha kununua na waache. Nilikwenda jana kwa Bwana Mkasi kuuliza kwa mbali. Mezani pangu amekaa msichana mgeni, anakata haraka kuliko mimi. Ina maana sina pa kurudi, lakini sema kweli hivyohivyo.

Mama yake Chiriku, aliye hai


Jumapili, 31 Machi

Wifi yangu,

Nilikwenda nimeyapanga maneno. Njia nzima nilikuwa nayasema kwa sauti mpaka watu wakanipisha.

Mama wa Mtandio akafika na mumewe, amembebea kikapu. Nikafungua kinywa. Mumewe akanivuta pembeni, nyuma ya gari la mchonga vijiko, akaniambia tangu wamzike binti yao mkewe alikuwa hatoki chumbani, hapiki, hafungui dirisha. Tangu apate mwanasesere wako anafungua. Juzi alicheka. Akasema, "Dada, mwambie huyo mama kwamba amenirudishia mke wangu. Mtu aliyepitia yaleyale ndiye aliyeweza."

Nikafunga kinywa. Ungekuwepo ungefunga na wewe. Ukisema ungesema, sitakuamini.

Kuna jingine, na hili ndilo zito. Wanataka kuja kwako. Yeye na wanawake wenzake, Jumapili ya mwanzo wa Mei, kukupa pole wenyewe. Nilijaribu njia zote, nikasema nyumba ni ndogo, nikasema mbwa. Hawasikii.

Pale kwenu kila jirani anamjua Chiriku, hata kuku wanamjua. Kuna rafiki yangu ana nyumba tupu upande wa pili wa mji wenu, ng'ambo ya reli. Vyumba vikubwa, madirisha manne, utashona kama malkia. Hamia. Chiriku awe mtoto wa marehemu dada yako, akuite Mama mdogo mbele ya wageni. Siku moja tu, wifi. Wakishalia watatulia, halafu tutaliacha jambo life taratibu.

Nimeliona hilo neno baada ya kuliandika. Nisamehe.

Wifi yako


Jumatatu, 6 Mei

Wifi,

Walikuja. Walijaa sebuleni mpaka wengine wakakaa kwenye marobota ya vitambaa.

Mama wa Mtandio si mtu wa kumdanganya. Ningependa awe mjinga au mwenye majivuno ili nipumue, lakini ni mtu mwema. Alinikumbatia, akakaa miguuni pangu sakafuni, hakutaka kiti. Alinionyesha picha ya binti yake. Alikuwa na mwanya kweli, mpana kuliko wa Chiriku. Akaniuliza wangu alipenda nini. Wifi, nilitaka kusema anapenda kuongea. Nilisema "alipenda", ulimi ukaipindua ile silabi ya katikati kama umeshazoea, na nikalia. Nililia kweli. Wao wakadhani wanajua ninalia nini.

Chiriku ndiye aliyemimina chai. Nilimfundisha wiki nzima, nikamwambia ni mchezo, tena mchezo wa faida. Nilidhani atateleza, yule hajawahi kutunza siri hata ya unga kuisha. Hakuteleza. "Mama mdogo, niongeze sukari? Mama mdogo, niwaletee sahani?" Mama mmoja akamwangalia nyusi, akasema mtoto huyu anafanana sana na marehemu. Chiriku akasema, "Watu wote wanasema," akaendelea kumimina. Hata tone halikumwagika.

Nilipaswa kufurahi. Niliogopa.

Sasa hiyo siku yako moja, Mama wa Mtandio amesema watakuwa wanakuja kila mwezi. Amesema mimi ni dada yake. Na mama mwingine kati yao, ambaye huja sokoni kwako kwa basi, anakaa mtaa huuhuu wa ng'ambo ya reli, mwanawe yuko darasa moja na Chiriku huko shule mpya. Niambie nitatokea mlango upi.

Mshonaji


Ijumaa, 24 Mei

Wifi yangu,

Duka lile kubwa la vioo, la kona ya posta, limeagiza wanasesere wa kujaza dirisha zima. Dirisha zima la Chiriku, wifi! Wanataka na picha yako ukishona, wameomba usitabasamu.

Nilipoambiwa hivyo nilicheka, halafu nikaenda kununua maji nikayanywa yote nimesimama. Siku hizi kwenye meza yangu siwasifu tena. Nakaa tu, watu wanakuja wanajisifia wenyewe, wananipa pole, napokea. Mchonga vijiko aliniuliza juzi, taratibu, mtoto alifariki kwa nini hasa. Nikamwambia sipendi kulizungumza. Akaniomba radhi na kunipa kijiko cha bure. Nimekificha, sitaki kukiona.

Unamwambia nini Chiriku akiuliza habari zangu? Bado naumwa?

Wifi yako


Jumapili, 9 Juni

Wifi,

Picha nimepiga. Sikutabasamu, haikuwa kazi.

Umeuliza Chiriku anauliza nini. Haulizi. Ndilo linalonitia baridi. Nyumba hii ina madirisha manne kama ulivyosema, na yote nimeyashushia pazia, kwa sababu yule mama wa mtaani hupita, na Chiriku akiimba sauti yake ya furaha inafika barabarani, hailingani na nyumba ya msiba. Basi nimemwambia aimbe kwa ndani. Anaimba kwa ndani sasa, midomo inacheza bila sauti, kama samaki. Kwa Bwana Mkasi nilifungiwa kwa nje. Hapa najifungia mwenyewe, na ufunguo ninao mfukoni.

Na jambo jingine. Jana tulikuwa wawili tu jikoni, mlango umefungwa, akasema, "Mama mdogo, nipe kijiko." Nikamwambia tuko peke yetu. Akasema, "Najua, nimezoea." Nikamwambia aniite Mama. Akalisema, lakini kwanza alitazama dirishani.

Kila nikiamua kusema kweli namwona yule mwanamke sakafuni na picha yake. Alifungua dirisha lake kwa sababu yangu. Nikisema, nitakuwa nimemfungia tena, na safari hii kwa dhihaka. Nikinyamaza, huyu wangu anaimba kama samaki. Niambie wewe mwenye mdomo, nifanye nini.

Mshonaji


Jumatano, 19 Juni

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Hujambo? Mimi sijambo ila goti nimechubuka, si kwa kuanguka, kwa kupiga magoti kuokota vifungo. Mama mdogo (yaani mama, unajua) amesema unaumwa tangu mwezi wa tatu, pole sana, unaumwa wapi? Hajui kama nakuandikia. Karatasi nimeichana kwenye daftari la sayansi, katikati, haionekani.

Shule mpya ni nzuri ila choo kiko mbali. Nina rafiki anayeweza kukunja ulimi. Mama yake ni mmoja wa wale wanaokuja kwetu kunililia. Nyumbani kwao nipo kitandani kwake, yaani mwanasesere, na rafiki yangu anasema hampendi sana kwa sababu ni wa marehemu, anamgeuzia ukutani. Nilimwambia amgeuze, huenda anapenda kuona. Akasema najuaje. Nikasema nahisi tu.

Sasa nakwambia jambo, usimwambie. Wiki iliyopita mwalimu wa darasa alisema kila mtu asimame aseme mama yake anafanya kazi gani. Nilikuwa wa mwisho mwisho kwa hiyo nilifikiri sana. Nikisema anashona wanasesere, rafiki yangu anajua huyo ni Mama mdogo. Nikisema anakata kola ni uongo, maana aliacha. Nikasema mama yangu alifariki.

Mwalimu akasema, "Pole mwanangu." Nikajibu, "Nimeshapoa." Nilijua la kujibu kwa sababu kila mwezi nalisikia. Darasa zima likanyamaza. Ni mara ya kwanza darasa kunyamaza mimi nikiongea, nilitamani niendelee. Halafu wakati wa mapumziko nililia chooni, lakini si sana, kwa sababu nilijua yuko nyumbani anashona.

Tatizo ni kwamba mwalimu amesema Ijumaa atakuja kwetu na wanafunzi wengine kumpa pole Mama mdogo kwa kufiwa na dada yake. Nimemwambia mbwa wetu ni mkali. Akasema haogopi mbwa. Na mbwa wenyewe hatuna. Shangazi, wewe unajua mambo haya. Nimwambie mama nini?

Ugua pole.

Wako,
Chiriku


Jumamosi, 22 Juni

Wifi,

Nadhani barua ya Chiriku imekufikia kabla ya hii. Amenieleza baadaye, yote, hata habari ya daftari la sayansi. Basi unajua walichokuja kufanya jana.

Mimi sikujua. Nilisikia hodi, nikavuta pazia nikaona sare za shule, kola nyingi nyeupe, nikadhani Chiriku ameumia. Nilifungua mlango mbio. Mwalimu wake ni binti mdogo mwenye adabu, amebeba maua kwa mikono miwili. Watoto wamejipanga nyuma yake kwa urefu. Chiriku kasimama pembeni yao, si pamoja nao, amekaza macho kwenye mdomo wangu.

Mwalimu akasema, "Mama, pole sana kwa kufiwa na dada yako. Mtoto ametueleza. Ni jasiri sana."

Dada sina, wifi. Unajua nimezaliwa peke yangu. Ilinichukua muda kuelewa kwamba anayeliliwa ni mimi, kwamba mwanangu alisimama mbele ya watu akanizika, kwa sababu nilimwachia nafasi hiyo tu ya kusimama. Na nilikuwa na nafasi ya kusema. Mlango ulikuwa wazi, mashahidi walikuwa wamejipanga. Chiriku ananitazama kama mtu anayesubiri kusomewa majibu ya mtihani.

Nikasema, "Tumeshapoa."

Ulimi wangu mwenyewe. Nilikulaumu kwa neno hilohilo, sasa nachukua lawama zote nazirudisha kwangu. Nikapokea maua. Nikawakaribisha, wakanywa maji, wakaimba wimbo mmoja wa kunifariji. Chiriku aliimba nao, midomo tu.

Walipoondoka aliosha vikombe vyote bila kuambiwa. Halafu akaja na kipande cha kitambaa, kile cha bluu kilichobaki kwenye gauni langu la zamani, akakiweka mapajani pangu. Akaniomba nimshonee mwanasesere, wa kwake mwenyewe, asiuzwe. Nikamwambia anao gunia zima. Akasema, "Hao wote ni mimi. Nataka mwenye uso wa mama."

Hakulia aliposema hivyo. Ningeweza kuvumilia kama angelia.

Nimekaa nacho tangu jana. Mwili nimeshona, mikono nimeshona, gauni la bluu nimelimaliza na kifungo chake. Uso umenishinda. Nilichukua kioo nikakiegemeza kwenye cherehani, nikatazama, nikatia sindano, nikafumua. Nikatia tena, nikafumua. Kitambaa kimetoboka pale usoni kama chujio. Mikono hii iliyomshona yeye mara zote hizo bila kutazama haijui mimi nikoje, na nimegundua kwa nini: yule ninayemwona kiooni ni Mama mdogo.

Kwa hiyo nisikilize mpaka mwisho, kama siku ile ya kwanza. Asubuhi hii nimefungua madirisha yote manne. Nimemwambia Chiriku aimbe. Alianza kwa aibu, sasa nadhani hata wa kule relini wanamsikia. Yule mama wa mtaani amepita mara mbili na ameshaanza kupunguza mwendo. Mwalimu nitamwendea Jumatatu mwenyewe, nikiwa na maua yake.

Na Jumamosi ijayo tunakuja. Mimi na yeye, basi la asubuhi, bila gunia. Tutaingia hapo uwanjani tumeshikana mikono, na hatasimama juu ya ndoo wala kusema "hawa wote ni mimi", atasalimia tu kama mtoto. Wenye lile duka la vioo wakitaka kuwaondoa wanasesere dirishani, na wawaondoe. Sijui nitakula nini baada ya hapo, na nimeogopa kiasi kwamba mwandiko wangu, unauona, unapanda mlima.

Mama wa Mtandio nitamwambia mimi, si wewe. Nitampigia magoti miguuni pake, kama alivyokaa pangu. Akinipiga kofi usimzuie. Akitaka kumtazama Chiriku, mwache amtazame anavyotaka, akimgusa nyusi nimeshamwambia mtoto atulie.

Wewe niandalie jambo moja. Azima kiti kwa mchonga vijiko, kile chenye mgongo, ukiweke kivulini karibu na meza yako. Atahitaji kukaa.

Mama Chiriku